Pua Hulelewa: Harufu za Utotoni na Manukato Tunayoyapenda

*Mhadhara uliotolewa mjini Unguja mbele ya walimu, wanafunzi na wananchi*



Nimeombwa nizungumze juu ya manukato, nami nimechagua kuyaingilia kwa mlango wa utotoni. Ingieni duka lolote la mafuta mazuri, liwe la Darajani, la Kariakoo au la Mji wa Kale wa Mombasa, mkae kitako mtazame wanunuzi. Muuzaji humpaka mteja tone moja mgongoni mwa kiganja. Mteja ananusa, uso unakunjuka, anauliza bei. Mwenzake, pengine jirani yake wa mlango kwa mlango, ananusa tone lile lile na kurudisha mkono nyuma. Muuzaji mzoefu hagombani na yeyote kati yao. Anafungua chupa nyingine, kwani anajua kuwa lililoamua halimo dukani mwake.

Limo wapi, basi? Jibu langu nalitanguliza ili mpate kulipima tunapoendelea: pua hulelewa. Mapenzi yetu ya manukato, kwa sehemu kubwa, ni mafunzo tuliyopewa kabla hatujawa na hiari ya kuchagua, na waliotufunza ni wale waliotulea. Tukilikubali hilo, mambo mawili yanatulazimu. Kwanza, tuache kudharauliana kwa sababu ya harufu. Pili, tuutambue wajibu wetu kwa watoto tulio nao nyumbani hivi sasa.

Safari ya harufu

Tuanze na mwili. Kila kinachonukia hutoa molekuli, chembe ndogo mno zinazopaa hewani. Tukivuta pumzi, chembe hizo hufika kwenye utando mdogo ulio juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho. Utando huo una neva zenye vipokezi, na kila aina ya kipokezi huitikia baadhi ya molekuli na kuziacha nyingine. Mwaka 1991 wanasayansi wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kuwa wamegundua ukoo mkubwa wa jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, jeni zipatazo 1,000 kwa panya. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2004. Sisi binadamu tunazo takriban 400 zinazofanya kazi. Idadi hiyo inatutosha kupambanua harufu nyingi kuliko tunazoweza kuzitaja, kwa sababu harufu moja huamsha vipokezi kadhaa kwa pamoja, na ubongo husoma mkusanyiko wao.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa mada yetu. Habari za macho na za masikio, kabla hazijafika kwenye tabaka la juu la ubongo, hupitia kituo kinachoitwa thalamasi. Habari za pua hazilazimiki kupita hapo kwanza. Zinatoka kwenye tungu la kunusia, lililo nyuma ya paji la uso, na kwenda moja kwa moja sehemu za ndani za ubongo. Miongoni mwake imo amigdala, inayoshughulika na hofu na hisia nyingine kali, na jirani yake ni hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu hutushika kabla hatujaitambua. Mtu anapita uchochoroni, moyo unashituka au unatulia, na akisha kwenda hatua kadhaa ndipo anapong'amua kuwa kulikuwa na mtu anafusha udi dirishani.

Darasa la kwanza

Mafunzo ya pua huanza mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 2000, mtafiti Benoist Schaal na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya katika jimbo la Alsace, Ufaransa. Kina mama wajawazito wa kundi moja walikula vitu vyenye anisi, kiungo ambacho harufu yake inakaribiana na shamari, katika siku za mwisho za mimba. Kundi la pili hawakula. Watoto walipozaliwa, wakingali na umri wa saa chache tu, walinusishwa harufu ya anisi. Watoto wa kundi la kwanza waliielekea. Wale wa kundi la pili waliikwepa au hawakuijali. Hakuna aliyekuwa amewafundisha kitu tangu wazaliwe. Walikuwa wamekwisha kujifunza tumboni.

Darasa linaendelea kwenye kunyonya. Watafiti Julie Mennella na Gary Beauchamp wa Philadelphia walionyesha mwaka 1991 kwamba mama akila kitunguu saumu, harufu yake huingia katika maziwa, na mtoto hubadilisha namna anavyonyonya. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani waliwaonjesha watu wazima tomato sosi za aina mbili, moja ya kawaida na nyingine iliyotiwa vanila kidogo sana. Waliolelewa kwa maziwa ya kopo, ambayo enzi hizo yalitiwa vanila nchini humo, wengi wao walipenda ile yenye vanila. Walionyonyeshwa na mama zao, wengi walipenda ile ya kawaida. Miaka ilikuwa imepita, watu wamekuwa na ndevu na watoto wao, na chupa ya uchangani ilikuwa bado inawachagulia.

Kwa nini mafunzo haya hayafutiki? Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, nchini Israel, walionyesha kuwa harufu ya kwanza kuunganishwa na kitu fulani hupata nafasi ya pekee katika ubongo, nafasi ambayo harufu ya pili kuunganishwa na kitu hicho hicho haiipati. Miaka mitatu kabla yao, watafiti wa Sweden waliwapa wazee maneno, picha na harufu, wakawaomba waseme wanakumbuka nini. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye ujana wao. Harufu iliwarudisha nyuma zaidi, kabla hawajatimiza miaka kumi. Kinachoingia kwa mlango wa pua utotoni huwa kimepata cheo cha mtangulizi, na cheo hicho ni kigumu kukivua.

Sasa tutazame madarasa ya nyumba zetu wenyewe. Mtoto wa mwambao hupokewa na harufu. Katika siku arobaini za uzazi, mama hukandwa kwa mafuta, hufushwa, na nguo zake na za mwanawe hupitishwa juu ya chetezo. Kabla mtoto hajajua kuita mama, amekwisha kuujua mchanganyiko wa maziwa, jasho, mafuta ya nazi na udi, na kwake mchanganyiko huo ndio salama yenyewe. Akikua kidogo, Ijumaa ataona kanzu na mabaibui yametandazwa juu ya tenga la fito, chetezo kikifuka chini yake. Jioni atatumwa kuchuma asumini kabla hazijafunguka, kisha atakaa karibu na shangazi yake wakati wa kutunga vikuba: asumini, vilua, mkadi, mrehani, na langilangi ikipatikana. Kwenye maulidi mrashi utampitia, amwagiwe matone ya mawardi, na chetezo kimfuate nyuma. Msichana atachungulia somo akimsugua mwari kwa singo ya liwa, karafuu na maua, na hapo atajifunza kuwa kuna harufu za kila siku na kuna harufu za siku kubwa.

Bara nako kuna madarasa yake, wala si ya daraja la chini. Katika nyumba za Wakalenjin, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, mtoto hukua na kibuyu cha mursik, kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti maalumu kabla ya kutiwa maziwa. Mtoto wa Buganda hukulia kwenye mvuke wa matoke yaliyofunikwa kwa majani ya mgomba. Wafugaji wana samli, na karibu sote, wa pwani na wa bara, tuna moshi wa kuni na harufu ya vumbi lililonyeshewa mvua ya kwanza. Hiyo ya mwisho imekwisha kuwa manukato kamili: katika mji wa Kannauj, nchini India, mafundi huchemsha udongo uliookwa na kuunasa mvuke wake ndani ya mafuta ya msandali, wakapata atari yenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Waliotangulia kufanya hivyo walijua kuwa mtu yuko tayari kununua, kwa chupa, harufu aliyoipata bure akiwa mtoto.

Moshi mmoja, nyoyo tatu

Hapa pana hoja ambayo nataka tuikalie, kwa kuwa ndiyo kiini cha mhadhara huu. Harufu haiji na maana yake mfukoni. Maana hutiwa na tukio la kwanza, na pia na mtu aliyekuwapo siku hiyo.

Chukueni ubani. Wachomeeni watu watatu katika chumba kimoja. Wa kwanza amelelewa Pemba, na ubani kwake ni khitma na dua, wazee wamekaa kitako mkekani na sinia linasubiri. Wa pili amelelewa katika familia ya Kikatoliki, Bagamoyo au Tabora, na moshi ule ule kwake ni Misa ya sikukuu, chetezo kikining'inia kwa minyororo mikononi mwa padri. Wa tatu amelelewa katika nyumba ambamo aliambiwa tangu mdogo kwamba ubani huita majini na kwamba anayeuchoma anatoka kwa mganga. Molekuli ni zile zile na vipokezi ni vile vile. Wawili wa mwanzo watashusha mabega, wa tatu atatafuta mlango. Siku akipewa chupa ya manukato ya gharama kubwa iliyotengenezwa kwa ubani wa Dhofar, atasema haimpendezi, na atakuwa anasema kweli, ingawa sababu haimo katika chupa.

Wanasayansi wana mfano wao maarufu wa jambo hili. Ipo harufu ya dawa nyingi za kuchua misuli, inayotokana na kemikali iitwayo methili salisilati. Katika uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1966, harufu hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizochukiwa sana. Mwaka 1978, Marekani, ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa sana. Maelezo yanayotolewa na wataalamu wa saikolojia ya harufu ni mepesi kuyaelewa. Waingereza wa umri ule waliijua kama harufu ya dawa, na baadhi yao kama harufu ya dawa ya miaka ya vita. Wamarekani waliijua kama harufu ya peremende.

Sisi wa visiwa hivi tuna mfano ulio karibu zaidi, nao ni karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli. Mtoto wa Wete au Mkoani anaijua yujenoli bila kulijua jina lake: ni majamvi yaliyoanikwa barabarani msimu wa mavuno, mikono ya mama iliyokolea kwa kuchambua makonyo, fedha ya sare za skuli na nguo za sikukuu. Lakini yujenoli hiyo hiyo hutumiwa na madaktari wa meno duniani kote katika dawa ya kuzibia jino kwa muda. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ufaransa waliwanusisha watu harufu hiyo, huku wakipima mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Wasioogopa matibabu ya meno waliiona ni harufu nzuri. Wanaoyaogopa waliiona mbaya, na miili yao ikaonyesha dalili za hofu na karaha. Mpemba akimzawadia mgeni kama huyo mafuta ya karafuu kwa moyo safi, asishangae zawadi ikiachwa hotelini.

Vya kwetu vilivyotoka mbali

Mtu anaweza kuniambia: mapenzi yetu ya udi na karafuu yamo katika damu, hayakufundishwa. Historia inakataa. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenezwa katika utawala wa Sayyid Said, na mashamba yake yalisimama juu ya migongo ya watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kuu. Kwa hiyo mzee wa Pemba aliyeishi mwaka 1750 hakuwa na harufu ya karafuu katika utoto wake kama walivyo nayo vitukuu vyake. Na tusisahau kuwa, kwa muda mrefu, harufu hiyo hiyo ilikuwa fahari ya mwenye shamba na ilikuwa mateso ya aliyelazimishwa kulipalilia.

Udi nao haukuota kwetu. Hutoka katika miti ya jamii ya Aquilaria, ya kuanzia Assam hadi Vietnam na Indonesia. Mti huo ukishambuliwa na kuvu hujitetea kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya mbao, na mbao hiyo iliyougua ndiyo tunayoichoma. Umekatwa mno hata biashara ya miti yote ya jamii hiyo sasa inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa. Msandali wetu ulitoka India. Langilangi ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki, na leo Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta yake duniani. Kwa upande wetu, sisi tulitoa ambari. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliitaja ambari ya pwani ya Zanji, yaani pwani yetu hii, kuwa bora kuliko nyingine.

Nayasema haya kwa furaha, si kwa kupunguza cha kwetu. Yanathibitisha kuwa kizazi kimoja au viwili vinatosha kuifanya harufu ya ugenini kuwa harufu ya nyumbani, ilimradi ipite mikononi mwa mama na shangazi. Manukato yanakuwa ya taifa kwa kulelewa nayo.

Malezi yana mipaka

Ningewadanganya kama ningesema malezi ni kila kitu. Jeni zina sauti. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa tofauti ndogo katika jeni moja ya kipokezi, iitwayo OR7D4, huwafanya watu wainuse kwa namna mbalimbali kemikali ya androstenoni, iliyomo katika jasho. Wapo wanaosikia harufu ya mkojo, wapo wanaosikia utamu wa vanila, na wapo wasiosikia chochote. Ndugu wawili waliokula sahani moja na kulala kitanda kimoja wanaweza kuachana hapo.

Molekuli zenyewe pia zina sauti. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa watu 225 kutoka jamii tisa zilizo mbali mbali, wakiwamo wawindaji, wavuvi na wakulima, waliopanga harufu kumi kuanzia inayopendeza hadi inayochukiza. Vanila ilishika nafasi ya juu, na harufu inayofanana na ya miguu iliyovunda ilikuwa ya chini. Utamaduni wa jamii ulieleza asilimia 6 tu ya tofauti za mapenzi yao. Aina ya molekuli ilieleza asilimia 41. Sehemu iliyobaki, zaidi ya nusu, ilitokana na mtu mmoja mmoja.

Wako watakaosema uchunguzi huo unaibomoa hoja yangu. Mimi nauona unainyoosha. Unatuambia tusiseme "Waswahili wanapenda hivi, Wazungu wanapenda vile," kana kwamba watu wa kabila moja wana pua moja. Ndani ya sehemu ile kubwa ya mtu mmoja mmoja zimo jeni zake, na umo pia utoto wake: nyumba yake, bibi yake, ugonjwa wake, safari yake. Watu watatu kama wale wa ubani wanaweza kuwa wa mtaa mmoja na lugha moja. Malezi ninayoyasema ni ya nyumba kabla ya kuwa ya taifa.

Tena pua inaweza kuongezewa masomo ukubwani. Mwaka 2002 kampuni ya Yves Saint Laurent ilitoa manukato ya kiume yaitwayo M7, yenye harufu ya udi, na wanunuzi wa Ulaya hawakuyakimbilia. Mwaka 2007 mbunifu Tom Ford akatoa manukato ya udi yaitwayo Oud Wood. Leo ni vigumu kupita duka la manukato la London au Paris usikute rafu nzima ya udi. Waliozaliwa bila udi wamejifunza kuupenda wakiwa watu wazima. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao waliutafuta, na sisi tuliukuta.

Utoto unavyochagua dukani

Turudi kwa mnunuzi. Utoto wake unaweza kumwongoza kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kufuata. Mtu anatafuta kile kile alichokijua. Waswahili wa Maskati, ambao wazazi au babu zao walitoka Unguja na Pemba, bado wanaulizana asumini inapatikana wapi. Mama wa Kiswahili aliyehamia Toronto hufusha nguo kwa chetezo cha umeme, kwa kuwa makaa yataamsha king'ora cha moshi cha jengo zima. Hawa hawanunui harufu tu. Wananunua ushahidi kwamba bado ni watu wa kwao.

Njia ya pili ni kukimbia. Aliyeugua sana utotoni huku chumba kikinukia dawa fulani ataikataa chupa yoyote inayoikaribia. Aliyefiwa na mzazi akiwa mdogo, marashi ya mawardi na kafuri vikiwa vimejaa ukumbini, anaweza kuyakwepa mawaridi maisha yake yote. Nawaomba wauzaji na wanandoa walielewe hili. Mwenzako akisema hapendi manukato uliyomletea, usimwone hana shukrani. Muulize kwa upole harufu ile inamkumbusha nini, na usikilize jibu.

Njia ya tatu ndiyo ya wengi, nayo ni kukikuta cha zamani ndani ya kipya. Chanel No. 5, iliyotengenezwa na Ernest Beaux mwaka 1921, hutajwa kama kilele cha manukato ya Paris. Ndani yake mna asumini na langilangi pamoja na mawaridi. Mwanamke wa Unguja au Ngazija anayeipenda mara ya kwanza anapoinusa anaweza kudhani amevutwa na uzungu wa chupa. Kumbe maua mawili ya kikuba cha shangazi yake yamemwita kwa sauti anayoijua. Watengenezaji wakubwa nao wana utoto wao: Jean-Claude Ellena alizaliwa mwaka 1947 huko Grasse, mji wa maua na manukato kusini mwa Ufaransa, na alipokuwa mtoto alichuma asumini pamoja na bibi yake. Kazi yake yote aliijenga juu ya pua iliyofunzwa shambani.

Watoto wa leo watapenda nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari Alan Hirsch wa Chicago aliwauliza watu karibu 1,000 ni harufu gani zinazowarudisha utotoni. Waliozaliwa mapema katika karne ya 20 walitaja maua, nyasi, misonobari na hewa ya bahari. Waliozaliwa baadaye walitaja zaidi vitu vya kiwandani: plastiki, poda, peremende. Kila kizazi kilisema ukweli wa nyumba yake.

Watoto wetu watasema nini? Ingieni nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au hapa mjini kwetu. Mtoto anazaliwa katika harufu ya vitambaa vya kufutia vyenye manukato ya kopo, sabuni ya unga, dawa ya kupuliza chooni, kitakasa mikono, na kadibodi inayoning'inia kwenye kioo cha gari. Sizilaani, kwa kuwa usafi ni jambo jema. Lakini mtoto asiyewahi kushika asumini kwa vidole vyake hatakuwa na pa kuipokelea atakapokutana nayo ukubwani. Ataiona ni harufu ya bibi, yaani ya watu wengine.

Wala siwaambii mjaze moshi chumba cha mtoto mchanga. Moshi ni moshi, uwe wa kuni au wa udi mzuri, na mapafu ya mtoto hayaupambanui. Fusheni nguo nje au dirisha likiwa wazi, mtoto akiwa mbali, kisha mvae. Harufu itamfika bila ya moshi kumdhuru.

Nina maombi manne, nami nayataja kwa mpango ili myachukue nyumbani.

Kwenu wazazi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na pua yake imo katika malezi hayo. Pandeni mwasumini hata kama kiwanja ni kidogo, hata kwenye ndoo iliyopasuka. Mpeni mtoto anuse karafuu, hiliki, mdalasini na mrehani, na mwambieni majina yake.

Kwenu vijana: kaeni na bibi zenu muandike namna wanavyopika udi kwa sukari na msandali, wanavyotengeneza singo, wanavyopanga maua ya kikuba. Andikeni vipimo, andikeni na sababu. Ujuzi huu umekaa vichwani na mikononi mwa wanawake wazee, na kila mazishi yanaupunguza.

Kwenu wafanyabiashara na wenye mamlaka: kiwanda cha kukamulia mafuta ya makonyo kipo Wawi, Pemba, na mafuta hayo yanajulikana duniani. Lakini tunauza karafuu na mafuta, halafu tunanunua manukato yaliyokwisha kutiwa chupani na wengine. Oman ilianzisha kampuni ya manukato ya Amouage mwaka 1983 kwa amri ya Sultan Qaboos, ikauchukua ubani wake wa Dhofar na kuupeleka sokoni ukiwa na jina lake. Sisi tuna karafuu, mkadi, langilangi na mafundi. Kinachotukosesha manukato yetu wenyewe ni kukosa uamuzi.

Na kwenu nyote: msimcheke mtu kwa harufu aipendayo. Anayejipaka mafuta mazito ya miski na anayetaka harufu ya sabuni tu, anayenukia moshi wa kuni na anayenukia ubani, kila mmoja amebeba nyumba iliyomlea. Muulize kuhusu nyumba hiyo kabla ya kumhukumu.

Hukumu yangu ni hii: hakuna aliyejichagulia pua yake ya utotoni, lakini kila mmoja wetu leo anamchagulia mtoto fulani. Tumchagulie kwa kujua.